Pojo, Muguka na Hesabu ya Kilichoachwa



Chungu cha pojo za nazi hukutanisha pwani na bara. Nazi ni yetu, ya Kilifi au Kwale. Pojo, ambazo bara huitwa ndengu, aghalabu hutoka katika ardhi kavu za Kitui, Tharaka au Mbeere, upande wa chini wa Embu. Kwamba mnazi haustawi Mbeere ni jambo lililo wazi. Lisilo wazi ni kwamba watu wawili huweza kufaidika kwa kubadilishana mazao hata pale mmoja anapomshinda mwenzake kwa kila zao. Mwingereza David Ricardo aliliandika jambo hili mwaka 1817, kwa mfano wa divai ya Ureno na nguo za Uingereza. Sisi tulitazame papo hapo Embu.

Juu, karibu na Mlima Kenya, kuna mvua, majani chai na kahawa. Chini, Mbeere, mvua ni haba. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba ekari ya mkulima wa juu hutoa magunia 12 ya mahindi au 6 ya ndengu, na ekari ya Mbeere hutoa 2 ya mahindi au 4 ya ndengu. Wa juu ameshinda kote kuwili. Lakini kila gunia la ndengu analolivuna humnyima magunia mawili ya mahindi, ilhali yule wa Mbeere hunyimwa nusu gunia tu. Basi wakibadilishana gunia kwa gunia, wa Mbeere atapanda ndengu tupu, atoe magunia 2 apate 2 ya mahindi, na mawili yambakie. Wa juu naye amepata kwa gunia moja kile ambacho shambani mwake kingemgharimu mawili. Gharama ya kitu, kumbe, ni kile kilichoachwa ili kitu hicho kipatikane.

Sasa tuje kwenye zao linalotuumiza vichwa.

Muguka wa Mbeere hustahimili ukame na huchumwa mara nyingi kwa mwaka, wakati ndengu hungoja misimu ya mvua. Mkulima anayeupanda katika ardhi ile huacha kidogo na kupata kingi. Hesabu yake ni sahihi, nami siwaungi mkono wanaomtaja katika mabaraza yetu kana kwamba ni adui. Ndugu zao wa Igembe na Tigania, kule Meru, waliishi kwa miraa vivyo hivyo, hata Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Soko hufungwa kwa siku moja. Shamba la miti ya miaka mingi haligeuzwi kwa siku moja.

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingia katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya taifa, na Mahakama Kuu mjini Embu ikazisimamisha. Malori yakarudi barabarani. Kila upande ulizungumzia fedha: mapato ya mkulima huku, ushuru na ajira za wauzaji kule.

Lakini hesabu ya Ricardo ina sharti: kila mmoja awe anajua anachokiacha. Kijana wa Majengo au Kisauni anayelipa shilingi chache kwa kifuko cha muguka hudhani hiyo ndiyo bei. Bei yenyewe ni saa tangu adhuhuri hadi usiku, usingizi unaokataa kuja, na kazi ya asubuhi inayompata amelala. Akiwa na miaka 15, shule ndiyo iliyoachwa. Na wapo wanaolipa bila ya kuketi kwenye biashara hiyo kamwe: mama anayengoja pesa za unga, mke anayelea watoto peke yake. Faida ya Mbeere ni ya kweli. Ya kwetu, kwa kiasi kikubwa, imehesabiwa na nusu ya daftari.

Kwa hiyo naona mjadala wa lori ulituchelewesha. Kumuuzia mtoto kunaweza kuzuiwa mtaani bila ya kumgusa mkulima yeyote, na kila nyumba inaweza kukaa na kijana wake wakahesabu saa za juma moja, kwa kalamu na karatasi.

Mbeere nako, atakayetaka wapunguze muguka itambidi aje na zao lenye kulipa, na mnunuzi wake. Pojo tunazila sisi kila wiki. Nazo zikikaushwa vizuri hungoja ghalani kwa miezi, wakati muguka hufifia nguvu kwa siku mbili hivi. Ndiyo maana magari yake hukimbia vile.