Sera ya anga ina wenyewe, nao ni wananchi
Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwandishi wa hadithi za kisayansi Jerry Pournelle aliwakusanya waandishi wenzake, wahandisi, wanaanga na wanajeshi wastaafu nyumbani kwa Larry Niven huko Tarzana, California. Hawakutumwa na serikali. Walibishana, wakaandika ripoti, na ripoti hizo zikafika kwa washauri wa Rais Ronald Reagan. Machi 23, 1983, Reagan alipotangaza mpango wa kuikinga Marekani dhidi ya makombora ya nyuklia, kundi lile lilijihesabu kuwa limechangia. Raia aliyejiandaa kwa hoja husikilizwa. Hilo ni la kuigwa. Lakini kikao kile kilikuwa cha wenye majina makubwa, na mlipa kodi wa kawaida hakuwa na kiti. Kenya tunaweza kufanya vizuri zaidi. Anga si geni kwetu: setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, Malindi, na Aprili 2023 setilaiti yetu, Taifa-1, ikapaa kutoka California. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Basi shirika letu la anga za juu liunde baraza la ushauri la raia, na humo aketi mvuvi wa Ngomeni, mkulima anayehitaji taarifa za mvua na mwalimu wa fizikia. Waitwe kabla sera haijaandikwa, wasiitwe kuipigia makofi.