Busia na Malaba si njia ya kupita tu

Wahenga walinena, tembea uone. Lakini wako watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, ambao hutembea miaka nenda miaka rudi wasione kitu. Mara ngapi nimepanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala, nikaamshwa Malaba au Busia alfajiri, nikapiga foleni huku nikipiga miayo, nikagongewa muhuri na kurudi kitini kusinzia! Wakati huo ungeniuliza Busia ni mji wa namna gani, ningekujibu: malori, vumbi na magendo. Basi.

Mwezi uliopita niliamua kujirekebisha. Nilishika njia ya Kisumu, Yala na Ugunja hadi Busia, nikakaa Jumamosi na Jumapili peke yangu, bila mwenyeji wa kunipokea na bila shughuli ya biashara. Rafiki zangu walinicheka. "Mtu huenda Mombasa kutazama bahari, au Maasai Mara kutazama simba. Busia utatazama nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Linaonyesha jinsi tulivyozoea kuitazama nchi yetu kwa macho ya mtalii wa ng'ambo: pasipo na simba wala mchanga mweupe, hapana la kuonwa. Mimi nasema la kuonwa liko, tena ni kubwa. Katika miji hii miwili utaona jinsi watu wa kawaida walivyouchukua mpaka waliochorewa na wengine, wakaufanya mahali pa kuishi.

Jambo la kwanza ni lugha. Sokoni Busia nilimtazama mama mmoja muuza samaki. Mimi alinijibu kwa Kiswahili, jirani yake akamjibu kwa Kisamia, na mteja aliyevuka kutoka upande wa pili wakapatana bei kwa Kiganda. Shilingi za Kenya na za Uganda alizihesabu pamoja bila kushika karatasi wala kalamu. Hapana aliyeshangaa ila mimi. Hii ndiyo faida ya kusafiri peke yako. Mwenye wenzake huzungumza na wenzake. Aliye peke yake hana budi kuzungumza na wenyeji, au kunyamaza na kusikiliza.

Jambo la pili nililipata kwenye kibanda cha chai. Mzee mmoja tuliyeketi naye benchi moja alinieleza alivyoendesha baiskeli katika ujana wake. Vituo vya ukaguzi vya nchi hizi mbili havikuwa pamoja. Abiria alishuka kwenye gari upande huu, na mizigo yake, akawa na mwendo wa kutembea hadi upande wa pili. Vijana wakatia kiti cha nyuma kwenye baiskeli zao, wakawa wanamwita msafiri: "Boda! Boda!" yaani, nikupeleke mpakani, kwa neno la Kiingereza lililokwisha kugeuzwa na ndimi za Kiafrika. Hiyo ndiyo asili ya bodaboda, neno ambalo leo linatumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ingawa baiskeli imegeuka pikipiki.

Tafakari kidogo, ndugu msomaji. Neno lenye maana ya mpaka, yaani mahali pa kuzuiwa, watu hawa walilitwaa wakalifanya jina la chombo cha kuvushia. Hapana kamati ya lugha iliyoketi kulibuni. Lilibuniwa na vijana waliotafuta riziki juani. Nami nililitumia miaka yote hiyo bila kujua lilikozaliwa.

Kuhusu mpaka wenyewe, ni vema tukumbuke umri wake. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, jimbo la mashariki la himaya ya Uganda lilifika karibu na Naivasha, na Kisumu yote ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Siku hiyo Waingereza waliuhamisha mpaka kuelekea magharibi. Wateso hawakuhama, wala Wasamia. Walilala wakiwa na jina moja, wakaamka na jingine. Na mpaka ulipokwisha kutulia, ndugu walijikuta wamegawanyika, hawa Kenya na hawa Uganda. Hadi leo ukoo mmoja una makaburi pande zote mbili.

Hapo nina kosa la kuungama. Jumamosi jioni nilimwona bibi mmoja akipita kichochoro kuelekea upande wa Uganda, amejitwika kapu lililofunikwa kitambaa. Nilimtazama kwa jicho la askari. Alilitambua jicho langu, akasimama. "Mwanangu," akasema, "unadhani nina magendo? Dada yangu amefiwa. Huu ni unga wa matanga." Nilimwomba radhi. Alicheka akaenda zake, lakini mimi niliona haya hadi usiku.

Sisemi magendo hayako. Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipoharibika chini ya Idi Amin, kahawa ilivushwa kuja Kenya, na chumvi, sabuni na sukari zikarudi huko. Na hata leo njia za panya zina wapitaji wake. Ninalosema ni kwamba si haki kumhesabu kila mkazi wa mpakani kuwa mshukiwa, hali yeye anafanya jambo ambalo wewe hulifanya Nairobi bila kuulizwa: kumtembelea dada yake.

Jumapili asubuhi nilipanda matatu kwenda Malaba, mwendo wa karibu kilomita 30 kupitia Alupe na Adungosi. Malaba ni mji wa malori na reli. Bidhaa za Mombasa ziendazo Uganda na nchi za mbele zake hupita hapa kwa wingi, na msururu wa malori ni sehemu ya mandhari. Toka hapo nilikwenda Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, kutazama mwamba wenye michoro ya kale: miduara, mistari na ng'ombe, iliyochorwa na watu wa zama mbalimbali. Chini ya mwamba huo wanaakiolojia wamechimba, na mwaka 2024 walitangaza kuwa walipata mbegu za kunde zilizoungua, zenye umri wa miaka 2,300 hivi. Niliporudi Malaba nikaagiza chakula, niliwekewa ugali mweusi wa muhogo na mtama, na mboga ya kunde. Nilikula polepole.

Basi mpaka wa 1902 ni mtoto mchanga mbele ya kunde. Lakini mtoto huyu ana nguvu. Mwaka 1976 Amin aliitumia historia hiyo kudai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalipigana hapo hapo Busia. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walikwama Malaba siku nyingi wakingoja kupimwa. Kila mara wakubwa walipokosana au kuogopa, aliyefungiwa mlango kwanza ni yule mama wa samaki.

Yako pia mema. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande ule anakoingia. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo nashuku kuwa jinsi kuvuka kunavyokuwa kwepesi, ndivyo sisi wa mabasi tutakavyozidi kupita tukisinzia.

Ndiyo maana natoa rai mbili. Kwanza, baiskeli moja ya zamani, yenye kiti chake cha nyuma, iwekwe mahali pa heshima Busia, na maelezo ya Kiswahili, kabla wazee walioziendesha hawajatutoka. Mataifa mengine huhifadhi mambo madogo kuliko hilo. Pili, wewe msomaji, safari ijayo ya Kampala ikikupitisha huko, shuka. Lala usiku mmoja. Kunywa chai kibandani, uliza, sikiliza. Na ukimwona bibi mwenye kapu kichwani, mwamkie kwanza.