Mlinzi wa Kompyuta Analipwa na Nani?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo inafaa kukumbukwa na kila mtumishi na kila mwalimu afunguaye kompyuta asubuhi kuanza kazi, kwani ukurasa anaousoma mara nyingi hauji peke yake. Huja na matangazo, na nyuma ya matangazo huja wafuatiliaji, yaani vipande vya programu vilivyowekwa na makampuni ambayo msomaji hakuyaita wala hayafahamu. Kampuni moja ikishapandikiza kipande chake katika maelfu ya tovuti, huweza kumtambua msomaji yule yule kila aendako, ikaweka kumbukumbu ya anachosoma, anachonunua na ugonjwa anaoulizia.

Dawa ya maradhi hayo inajulikana. Ni kiendelezi, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari ili ikate mawasiliano na makampuni hayo kabla hayajafanyika. Lakini viendelezi hivyo ni vingi, na karibu vyote hutolewa bure. Watu wengi huchagua kwa kutazama kipi kina jina kubwa au kimepakuliwa mara nyingi zaidi. Hilo ni kosa. Ili kifanye kazi yake, kiendelezi kwa kawaida hupewa ruhusa ya kusoma na kubadili kila ukurasa unaofunguliwa. Mwenye nyumba anayekabidhi funguo za vyumba vyote hana budi kuuliza kwanza: mlinzi huyu analipwa na nani?

Historia fupi ya viendelezi inaonyesha uzito wa swali hilo. Adblock Plus, inayomilikiwa na kampuni ya Eyeo ya Ujerumani, ilianzisha mwaka 2011 utaratibu wa kuruhusu matangazo yanayohesabiwa kuwa hayasumbui. Makampuni makubwa hulipa ili matangazo yao yapite. Jambo hilo halikufichwa, na mtumiaji anaweza kuuzima utaratibu huo. Lakini asipojua, huachwa ukiwa umewashwa. Ghostery nayo, tangu mwaka 2010 hadi 2017, ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyohudumia biashara ya matangazo yenyewe, ikiuza taarifa za wafuatiliaji zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji waliokubali kuzitoa.

Mfano mchungu zaidi ni wa Nano Adblocker. Oktoba 2020 mwenye kuitengeneza aliiuza. Wamiliki wapya wakaingiza humo maagizo ya siri yaliyopeleka nje taarifa za watumiaji, na baadhi ya watumiaji wakakuta akaunti zao za Instagram zimependa picha ambazo hawajapata kuziona. Google iliiondoa, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutokea. Mlinzi alibadilishwa usiku, na wenye nyumba hawakuambiwa.

Upande wa pili ipo uBlock Origin ya Raymond Hill wa Kanada. Alianza kazi hiyo mwaka 2014, na hapokei michango ya fedha. Anayetaka kuchangia huelekezwa kwa wale wanaotunza orodha za matangazo na wafuatiliaji wa kuzuiwa. Ipo pia Privacy Badger, iliyotolewa mwaka huo huo na shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, linaloendeshwa zaidi kwa michango ya wanachama na wafadhili. Hii haikusudii kufuta kila tangazo. Kazi yake ni kuwazuia wafuatiliaji. Anayechukizwa na matangazo yote atachagua ya kwanza, na anayechukizwa na upelelezi tu ataridhika na ya pili.

Hata hivyo kivinjari nacho kina mwenyewe. Google, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo, ilibadili kanuni za viendelezi vya Chrome, na kati ya mwaka 2024 na 2025 uBlock Origin kamili ikazimwa humo. Google ilieleza kuwa shabaha yake ni usalama na wepesi wa kazi. Lakini kilichobaki kwa mtumiaji wa Chrome ni uBlock Origin Lite, yenye uwezo mdogo zaidi, ilhali Firefox inaendelea kuipokea ile kamili.

Wapo wasemao kwamba kuzuia matangazo ni kuwanyima riziki waandishi na magazeti. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua Aprili 2018, katika kesi ya mchapishaji Axel Springer dhidi ya Eyeo, kwamba kuzuia matangazo si kuvunja sheria ya ushindani. Lakini haki haifuti wajibu. Msomaji anayethamini gazeti fulani anaweza kuliruhusu, au kulilipia. Jambo la msingi ni kwamba ruhusa itoke kwake, isiuzwe na mlinzi wake.

Kwa hiyo mtumishi na mwalimu wachague kiendelezi kimoja, kwa kuwa wingi wake huongeza wenye funguo bila kuongeza ulinzi. Wasome kwa makini jina la mtengenezaji, kwani uBlock na uBlock Origin ni vitu viwili tofauti. Tena warudie swali lile kila kiendelezi kinapopata mmiliki mpya. Kompyuta ya ofisi hubeba barua za wananchi, na ya mwalimu hubeba alama za watoto wa watu. Dhamana ya namna hiyo haikabidhiwi kwa asiyejulikana.