Nyani, kipunji wa Rungwe na utafiti wa kondo la nyuma

Aya ya 6 ya Sura Az-Zumar inataja viza vitatu tumboni mwa mama, na wafasiri wameeleza kuwa kimojawapo ni kondo la nyuma. Kiza hicho kinawashughulisha watafiti hadi leo. Kondo tunalolizika baada ya uzazi limeshamaliza kazi yake. Likiwa changa, huwezi kulichunguza bila kuihatarisha mimba. Ndipo wanapoelekea kwa wanyama.

Ng'ombe wanaofugwa Tukuyu hawafai sana: kondo lao ni vifundo vifundo, wala halikai ndani ya damu ya mama kama la binadamu. Panya hubeba mimba wiki tatu tu. Nyani hubeba miezi sita na kondo lake lashabihi letu. Kwa hiyo, katika taasisi ya utafiti wa nyani jijini Nairobi, nyani wajawazito wameambukizwa malaria ili ijulikane vipi vimelea hujificha humo. Haja ipo: malaria hiyo huharibu mimba, na huleta watoto wenye uzito pungufu.

Na kipunji je? Alionekana Mlima Rungwe mwaka 2003, akatangazwa 2005, na vinasaba vimemweka karibu na nyani. Lakini anaishi Tanzania peke yake, tena ni wachache. Kwetu sisi, kumkamata kwa majaribio hakuna udhuru, ilhali nyani wa kawaida wapo wengi. Hata hao wana haki; Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula tunaijua sote. Mtafiti anadaiwa ganzi, chakula, na kutozidisha idadi kuliko anayohitaji.

Ukiombwa hospitalini kondo lako baada ya kujifungua, uliza ni la utafiti gani, na kitakachobaki kizikwe.