Daftari la Redio ni Shahidi wa Baharini
Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai nao je? Titanic ilipozama Aprili 1912, kumbukumbu za redio yake zilizama nayo; wachunguzi wakategemea madaftari ya meli nyingine na vituo vya pwani vilivyousikia wito wake. Leo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unaamuru kila tukio la redio lenye uzito kwa usalama liandikwe. Wapo wanaouona wajibu huo kuwa urasimu mtupu. Sikubaliani nao. Neno litamkwalo hupeperuka. Likiandikwa papo hapo, pamoja na saa yake, huwa shahidi. Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuandika walichosikia, si wanachodhani walisikia.