Safari ya mbugani: msimu huchaguliwa na nani?

Kila mwaka sisi wazazi wa Afrika Mashariki tunaoishi Birmingham huulizana: ni msimu gani bora wa kuwapeleka watoto wakaone wanyama wa nyumbani? Jibu la kawaida ni kiangazi, Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka mto Mara. Ukweli ni kwamba msimu huo tunachaguliwa na shule. Likizo ndefu huanza mwishoni mwa Julai, na tangu Agosti 2024 mtoto akikosa masomo siku tano bila ruhusa, mzazi anaweza kutozwa faini ya pauni 80 au zaidi.

Mwaka huohuo wa 2024, kaunti ya Narok ilipandisha kiingilio cha Maasai Mara. Mtu mzima mgeni hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Januari hadi Juni ni dola 100. Mtoto wetu mwenye pasi ya Uingereza pekee naye huhesabiwa mgeni.

Je, tubaki nyumbani? La hasha. Mwezi Februari shule hufunga wiki moja, na ndipo nyumbu huzaa kwa wingi Ndutu, kusini mwa Serengeti. Aprili kuna masika na matope, lakini bei za hoteli hushuka. Kwa mtazamo wetu, msimu bora ni ule ambao familia nzima inaumudu.