Lakabu za Vijana wa Mitaani: Kutoka "Chav" wa Uingereza hadi "Papasi" wa Visiwani

 

Familia zetu nyingi zina jamaa Uingereza, na watoto wao wakija likizo huja na maneno ya skuli za huko. Moja ni "chav". Kijana anayeitwa hivyo huchukuliwa kuwa ni wa nyumba za halmashauri, kavaa suti ya michezo na mkufu wa bandia, hakusoma, hana kazi, tena mgomvi. Mwaka 2004 wachapishaji wa kamusi za Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka. Kwa kauli yenye nguvu, asili yake ni lugha ya Waroma, na maana yake ni mtoto tu. Watu wakalizulia asili nyengine, wakidai kuwa ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya mkaazi wa nyumba za halmashauri mwenye fujo. Uzushi huo unatuonesha kilichomo vifuani mwao.

Kila upande una lakabu yake. Scotland husema "ned", Liverpool "scally", Newcastle "charver", Belfast "spide". Maneno ni mbali mbali, lakini anayekusudiwa ni mmoja: mtoto wa mfanyakazi maskini.

Tuitazame na miji yenyewe. Glasgow na Newcastle zilijenga meli, Liverpool iliishi kwa bandari yake, na vijiji vingi vya kaskazini vilichimba makaa ya mawe. Mgomo wa wachimbaji wa 1984 hadi 1985 uliposhindwa, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwengine, na viwanda vingi navyo vikafa. Baba alikuwa na kazi na heshima. Mtoto akakuta mlango umefungwa. Badala ya kuulizwa kazi zimekwenda wapi, mtoto akachekwa kwa kofia yake na lafudhi yake. Owen Jones aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 2011 juu ya "chav". Hivyo ndivyo lakabu inavyofanya kazi: tatizo la riziki hugeuzwa likawa tatizo la tabia, na anayehesabiwa kuwa na tabia mbaya hasaidiwi, hukaripiwa.

Tusiwacheke Waingereza, nyani haoni kundule. Sisi tuna "papasi", jina la mdudu mnyonya damu, tunalowabandika vijana wanaowafuata watalii bandarini na Forodhani kutafuta chochote. Tuna "machinga", jina la watu wa Lindi, ambalo leo ni la kila mchuuzi atembezaye bidhaa, awe ametoka Lindi au hakutoka. Na tulikuwa na Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi wachukuzi, vibarua na wengi waliotoka katika utumwa. Hori limefukiwa zamani, lakini kwa baadhi ya watu "mtoto wa Ng'ambo" liliendelea kuwa neno la kushusha.

Je, sharia inasemaje? Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah amekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na akatahadharisha kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Abu Dharr (Radhiya Llahu 'anhu) alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume akamwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Huyo ni Sahaba mkubwa, itakuwaje sisi? Imam an-Nawawi ameruhusu kumtaja mtu kwa lakabu aliyojulikana nayo, ikiwa ni kwa ajili ya kumtambulisha. Ama kwa kumshusha, ni haramu.

Atasema msemaji: "Lakini sheikh, wapo miongoni mwao wanaoiba na kuwadanganya wageni." Ni kweli wapo, na wizi ni haramu, awe mwizi wa Forodhani au wa ofisini. Lakini tuhuma ni juu ya aliyetenda na juu ya alilotenda. Ukimwita kundi zima wadudu, umeshawahukumu wasiofanya pamoja na waliofanya, na umemfungia mlango anayetaka kutubu.

Na hasara yake tunaiona majumbani mwetu. Kijana anakuja kuposa, tunauliza "mtoto wa wapi huyo?" kabla ya kuuliza kama anasali, ilhali Mtume ametufundisha kutazama dini na tabia. Mwengine anaomba kazi, jina la mtaa wake linamtangulia. Akishakata tamaa, huingia kule kule tulikomwita, kisha tunasema, "Si tulijua?"

Basi enyi wazazi, tuanze na ndimi zetu. Mtoto husikia barazani na mezani, naye huenda kusema skuli. Tumwite kijana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tukiwa na nasaha tumpe kwa faragha, tukiwa na kazi tumpe kazi. Allah atusafishie ndimi zetu na awaongoze vijana wetu.

Wa Allahu a'lam.